Mwaka Mzima katika Idara ya Fedha: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa Mafunzo kwa Vitendo

Mwanafunzi anayekaa idara ya fedha kwa wiki nane huona ripoti zikitoka. Anayekaa mwaka mzima huiona bajeti ikitungwa, ikienda kombo, ikitetewa, kisha hesabu zikifungwa mbele ya wakaguzi. Hizo ni elimu mbili tofauti, na mwongozo huu ni wa ile ya pili. Mwaka huo niliupitia nikiwa bado chuoni, na baadaye nimeketi na wanagenzi waliokuja nyuma yangu. Kinachowatenganisha wanaong'ara na wanaopita tu si alama za darasani. Mtu akiwauliza "hii namba imetoka wapi?", wale wa kwanza wana jibu. Utaona karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye swali hilo.

Kabla ya kuanza

Jua kwanza unaenda kukaa kiti kipi. Kuna nafasi za ndani ya kampuni inayozalisha au kuuza kitu: huko utafunga hesabu za mwezi, utasaidia kuandaa bajeti, utakadiria fedha zitakazoingia na kutoka, utapima miradi. Na kuna nafasi katika kampuni za ushauri na benki za uwekezaji, ambako kazi ni kuthamini makampuni yanayouzwa, yanayonunuliwa au yanayotafuta mtaji. Hii ya pili ina sifa kubwa vyuoni, na usiku mrefu ofisini. Kwa maoni yangu ile ya kwanza ndiyo shule bora kwa mtu ambaye hajawahi kufungua leja, yaani daftari kuu la hesabu, maana kuithamini kampuni bila kujua hesabu zake zinavyojengwa ni kama kupanga bei ya nyumba kwa kuangalia picha yake. Sehemu kubwa ya ninayoyasema inahusu nafasi ya ndani ya kampuni. Suala la kuthamini makampuni nitaligusa kidogo tu.

Kama kampuni huchapisha ripoti ya mwaka, isome kabla ya siku ya kwanza, na uanzie nyuma. Barua ya mwenyekiti iache. Maelezo ya hesabu ndiyo yatakayokuambia mauzo yanatoka sehemu zipi, madeni yanaiva lini, na mkopo una masharti gani.

Kisha jipime kwa swali ambalo huulizwa sana kwenye usaili: uchakavu, yaani gharama ya mali za kudumu kuchakaa, ukiongezeka kwa 10, taarifa tatu za fedha zinabadilikaje? Chukulia kodi ni asilimia 30. Faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inapungua 3, faida baada ya kodi inashuka 7. Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha unaanza na hasi 7, unarudisha 10 kwa sababu uchakavu hautoi pesa mfukoni, unapata chanya 3. Kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, fedha zimepanda 3, mali za kudumu zimeshuka 10, na upande wa pili mtaji wa wenye hisa umeshuka 7. Pande mbili zimelingana. Ukiweza kulieleza hilo bila karatasi, uko tayari. Usipoweza, lirudie mpaka liwe jepesi, kwa sababu hakuna mtu atakayekufundisha ofisini.

Mwezi wa kwanza: chora ramani ya namba

Wiki za mwanzo utapewa kazi ndogondogo na muda mwingi wa kusubiri nywila na ruhusa za mfumo. Muda huo ni mali. Omba orodha ya akaunti za leja kuu na uipitie yote. Kisha chukua ripoti ya mwezi uliopita, chagua namba moja ya kawaida kabisa, tuseme gharama za usafirishaji, na uifuate mpaka inakotoka: kutoka kwenye ripoti hadi jedwali la Excel lililoilisha, kutoka hapo hadi leja kuu, kutoka leja hadi ingizo moja moja, kutoka ingizo hadi ankara ya msambazaji, na kutoka ankara hadi hati ya kupokea mzigo na oda ya ununuzi iliyoidhinishwa. Karatasi hizo tatu za mwisho lazima zikubaliane kwa kiasi na bei ndipo malipo yatoke.

Zoezi hili linaweza kumeza siku nzima. Lifanye hata hivyo, maana ukilimaliza utakuwa umekutana na karibu kila mtu utakayemhitaji mwaka huo: anayeingiza ankara, anayeidhinisha, anayetunza leja, anayetengeneza ripoti. Andika pembeni ya kila hatua jina la anayeimiliki. Ramani hiyo utaitumia mpaka mwisho.

Kuhusu kuuliza maswali: uliza, lakini njoo na ulichojaribu. "Nimetazama leja, nikaona maingizo mawili ya kiasi kilekile, nadhani moja ni marudio, niko sahihi?" ni swali linalomchukua msimamizi nusu dakika. "Sielewi hii" linamchukua robo saa na subira yake yote. Yasiyo ya haraka yakusanye uyapeleke pamoja.

Jambo moja la usalama usilisubirie mwezi wa pili. Ukiwekwa upande wa malipo, siku moja huenda ikaja barua pepe nzuri kabisa kutoka kwa "msambazaji" ikisema amebadilisha akaunti ya benki. Usibadilishe chochote. Mpigie kwa namba iliyokuwa tayari kwenye kumbukumbu za kampuni, si ile iliyo kwenye barua pepe hiyo. Huu ni utapeli wa kawaida sana, na wezi hupenda ofisi yenye mtu mgeni. Kwa sababu hiyohiyo anayeandaa malipo haruhusiwi kuyaidhinisha. Ukiambiwa utumie nywila ya mwingine "mara moja tu, ametoka", kataa kwa heshima.

Kufunga mwezi

Hapa ndipo shule ilipo. Mwezi ukiisha, idara ina siku chache za kazi kuzifunga hesabu na kuwapa wakubwa ripoti. Kwenye kalenda ya idara siku hizo huitwa kwa namba: siku ya kazi ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Usiombe likizo katika siku hizo. Hata miadi ya daktari wa meno isogeze, kama jino linavumilika.

Kazi huanza na mpaka wa tarehe. Mzigo aliokwisha kukabidhiwa mteja tarehe 31 ni mauzo ya mwezi huu hata kama ankara imechapwa tarehe 2 ya mwezi unaofuata. Kinyume chake, ankara iliyochapwa mapema kwa mzigo ambao bado uko ghalani si mauzo. Mabishano makali zaidi kati ya idara ya mauzo na ya fedha huzaliwa hapa, hasa mwezi wa mwisho wa robo mwaka.

Yanafuata malimbikizo, yaani gharama ambazo kampuni imekwisha kuzitumia ila ankara haijafika. Umeme wa Machi ambao ankara yake itakuja Aprili lazima uhesabiwe Machi, kwa makadirio. Ingizo hilo kwa kawaida hugeuzwa, yaani hufutwa kwa ingizo la kinyume, siku ya kwanza ya mwezi mpya ili ankara halisi ikiingia gharama isihesabiwe mara mbili. Kwa hiyo ukiona gharama fulani imeruka ghafla mara mbili ya kawaida, kabla hujatafuta mchawi, angalia kama limbikizo la mwezi uliopita liligeuzwa. Malipo ya kabla ni kinyume chake: bima ya mwaka iliyolipwa 12,000 Januari ni gharama ya 1,000 kila mwezi, na kinachobaki kinakaa kwenye mizania kama mali. Uchakavu mfumo huukokotoa wenyewe. Kazi yako ni kuhakikisha mashine mpya imesajiliwa na iliyouzwa imeondolewa.

Usuluhishi wa hesabu za benki pengine ndio utakaokabidhiwa kwanza, na usiudharau. Unalinganisha daftari la kampuni na taarifa ya benki, unaeleza kila tofauti: malipo yaliyotolewa ila bado hayajapita benki, pesa zilizoingia bila maelezo, ada za benki ambazo hazijaandikwa kwenye leja. Tofauti isiyoelezeka ina tabia zake. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu zilizopishana: 5,420 ikiandikwa 5,240, tofauti ni 180, yaani 9 mara 20. Jaribu pia kuigawa kwa 2 na utafute nusu hiyo kwenye maingizo, kwa sababu kiasi kilichoandikwa upande wa debiti badala ya krediti huleta tofauti maradufu. Wahasibu wa zamani walifanya hivi kwa penseli, na bado inaokoa saa nzima.

Kampuni ikiwa na kampuni dada, kutakuwa na hesabu baina yao, na hazitalingana. Hazilinganagi. Mmoja ameandika deni kwa tarehe yake, mwingine kwa kiwango chake cha kubadilisha fedha. Anza mapema, siku kadhaa kabla ya mwezi kuisha, kwa kumwandikia mwenzako wa upande wa pili.

Mwisho unachapa urari, yaani orodha ya salio la kila akaunti, na kukagua kila akaunti: imepanda au kushuka kiasi gani ukilinganisha na mwezi uliopita, na kwa nini. Muulize msimamizi kiwango cha tofauti ambacho chini yake hahitaji maelezo. Kila idara ina kiwango hicho, na kukijua kutakuzuia usitumie asubuhi nzima kufukuza kiasi kisichozidi bei ya karatasi za ofisi.

Kufunga kwa mara ya kwanza utafuata maelekezo. Kwa mara ya pili utaanza kuyaelewa. Kuanzia ya tatu jiandikie mwongozo wako mwenyewe: hatua, mahali pa faili, saa ambayo data hupatikana, nani wa kumpigia. Mwaka una nafasi ya kufunga mara kumi na mbili, na hicho ndicho mwanafunzi wa wiki nane hakipati.

Excel: ifanye isomeke na mtu mwingine

Mwaka 2012 benki ya JPMorgan ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 katika biashara iliyokuja kuitwa ya "London Whale". Ripoti ya benki yenyewe ya Januari 2013 ilionyesha kuwa modeli mpya ya kupima hatari iliendeshwa kwa majedwali ya Excel yaliyojazwa kwa kunakili na kubandika, na kwamba hesabu mojawapo iligawanya kwa jumla ya namba mbili badala ya wastani wake, hivyo hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Fomula hiyo haikuleta hasara yote, ila iliwafumba macho waliopaswa kuiona ikija. Mwaka 2020 huko Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walikosekana kwenye takwimu za kila siku kwa sababu data ilipitishwa katika faili la Excel la muundo wa zamani, ambao jedwali lake haliwezi kuzidi mistari 65,536. Muundo wa sasa hubeba 1,048,576. Hao walikuwa watu wazima wenye vyeo. Usidhani mwanafunzi yuko salama zaidi.

Kanuni ninazozishikilia si nyingi. Namba za kuingizwa kwa mkono zikae mahali pamoja na ziwe za rangi ya bluu. Fomula ziwe nyeusi. Viungo vya kwenda majedwali mengine viwe vya kijani. Rangi hizi zinaeleweka kwenye ofisi nyingi za fedha, kwa hiyo mtu atalisoma faili lako bila kukuuliza. Usifiche namba ndani ya fomula: anayeandika "mara 1.18" katikati ya hesabu amezika kiwango cha kodi mahali ambapo hakuna atakayekifukua kikibadilika. Mstari mmoja uwe na fomula moja kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Na weka mstari wa ukaguzi unaotoa sifuri mizania ikilingana, ambao ukigoma unawaka nyekundu juu kabisa ya ukurasa.

Kibodi ijue. F2 hukuonyesha fomula inagusa seli zipi, F4 hufunga rejea isihame unaponakili, na Ctrl pamoja na mabano mraba ya kufungua hukupeleka moja kwa moja kwenye seli inayolisha ile uliyoko. Hiyo ya mwisho ndiyo chombo cha kujibu "imetoka wapi" mkutanoni huku watu wakitazama skrini.

Faili ulilorithi usilivunje. Nakili, fanya kazi kwenye nakala, jumlisha upya kwa njia nyingine, linganisha. Na majina ya faili yawe na tarehe, mwaka ukitangulia, ili yajipange yenyewe. Faili linaloitwa "mwisho_kabisa_kweli2" ni aibu ya ukoo.

Kueleza tofauti

Hesabu zikifungwa, mtu atakuambia uandike maelezo: kwa nini mauzo hayakufika bajeti? Wanagenzi wengi huandika "mauzo yalishuka chini ya bajeti kutokana na kupungua kwa mauzo". Hiyo ni namba ileile imevalishwa maneno.

Igawe. Tuseme bajeti ilikuwa vipande 10,000 kwa bei ya 500, yaani 5,000,000. Halisi ni vipande 9,000 kwa 540, yaani 4,860,000. Pengo ni 140,000, linaonekana dogo, na mkubwa anaweza kulipita. Lakini vipande 1,000 vilivyopungua, kwa bei ya bajeti, vimekula 500,000. Bei iliyopanda kwa 40 kwenye vipande 9,000 imerudisha 360,000. Sasa kuna habari: tumepandisha bei na wateja wameanza kuondoka. Hilo ndilo jambo la kupeleka mezani, na halikuonekana kwenye jumla.

Baada ya kugawa, inuka kwenye kiti. Sababu haiko kwenye leja. Iko kwa meneja wa mauzo, ghalani, kiwandani. Muulize mwenye kazi, kisha rudi uone kama namba zinamuunga mkono, maana kila idara ina simulizi inayoipendelea. Andika kiasi, sababu, na kama jambo hilo litajirudia mwezi ujao au ni la mara moja. Sentensi mbili zinatosha.

Faida na fedha taslimu

Darasani uliambiwa faida si fedha. Ofisini utaona kwa nini kampuni yenye faida inaweza kushindwa kulipa mishahara.

Chukua mauzo ya milioni 100 kwa mkopo wa siku 60. Bidhaa ziligharimu milioni 70, msambazaji anataka chake baada ya siku 30. Mishahara na gharama nyingine milioni 15 zinalipwa mwezi huohuo. Ripoti ya mwezi inaonyesha faida ya milioni 15. Benki inaonyesha hasi 15 mwezi wa kwanza, na hasi 85 mwezi wa pili, kabla mteja hajaleta 100 mwezi wa tatu. Mauzo yakiongezeka mara mbili, shimo nalo linaongezeka mara mbili. Ndiyo maana kampuni inayokua kwa kasi huwa mlangoni pa benki mara nyingi kuliko iliyodumaa.

Kipimo chake ni hiki: siku bidhaa zinazokaa ghalani, jumlisha siku mteja anazochukua kulipa, toa siku ambazo wewe unachukua kumlipa msambazaji. Ghala 45, wateja 60, wasambazaji 30: fedha yako imefungwa siku 75. Omba ruhusa ya kukikokotoa kwa miezi kadhaa iliyopita na ukichore. Ni kazi ya mchana mmoja, na wakubwa huipenda kwa sababu mara nyingi kila mtu anajua sehemu yake tu.

Kitengo cha hazina, kinachosimamia fedha taslimu za kampuni, hukadiria fedha kwa wiki 13 mbele, yaani robo mwaka, wiki kwa wiki. Ukipewa kusaidia, usitumie tarehe ambayo mteja anatakiwa kulipa. Tumia tarehe ambazo amekuwa akilipa kweli, zimo kwenye leja ya wadaiwa. Tenga malipo yasiyosogezeka, kama mishahara, kodi na marejesho ya mkopo, na yale yanayoweza kusubiri wiki moja. Kisha kila wiki linganisha makadirio na kilichotokea; kadirio lisilorudiwa kutazamwa ni pambo.

Utakutana pia na masharti ya mkopo, mfano kwamba deni lisizidi mara 3 ya EBITDA, yaani faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu wa mali zinazoshikika na zisizoshikika. Kuwa mwangalifu na hiyo EBITDA. Viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu, IFRS, havina tafsiri rasmi ya kipimo hicho, kwa hiyo kinachohesabika ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba wa benki. Tangu Januari 1, 2019, IFRS 16, kiwango kinachohusu mikataba ya pango, ilipoanza kutumika, mikataba mingi ya pango imehamia kwenye mizania kama deni, na gharama yake imegeuka uchakavu na riba. EBITDA ikapanda bila kampuni kuuza hata kipande kimoja zaidi. Mikataba mingine ya mikopo huendelea kutumia hesabu za zamani, mingine mipya. Soma kifungu chenyewe.

Bajeti

Msimu wa bajeti ni siasa zaidi kuliko hesabu. Kila meneja huficha akiba kidogo kwenye gharama na hupunguza kidogo matarajio ya mauzo, na kila mkubwa anajua hivyo na hukata. Wewe utakuwa unakusanya faili, unafukuzia waliochelewa, unajumlisha. Fanya hilo vizuri, ila tunza pembeni orodha ya dhana kuu: bei, idadi, nyongeza ya mishahara, viwango vya kubadilisha fedha, na nani alikubali lini. Miezi michache baadaye, bajeti ikianza kukosewa, orodha hiyo itatafutwa na kila mtu.

Kupima miradi

Huenda ukaombwa kusaidia kupima mashine mpya au tawi jipya. Hesabu yenyewe ni ya mwaka wa pili chuoni. Mradi unagharimu 1,000 leo na kurudisha 300 kila mwaka kwa miaka minne. Jumla ni 1,200, inaonekana kuna faida. Kwa kiwango cha punguzo (asilimia unayopunguza kila mwaka kwa sababu fedha ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo) cha asilimia 10, marejesho hayo yana thamani ya leo ya takriban 951, mradi unapoteza 49. Kwa asilimia 5 yana thamani ya 1,064, mradi unaleta 64. Uamuzi mzima umekaa kwenye kiwango hicho, basi swali la kwanza ni nani alikiweka na kwa msingi gani.

Kwenye kuthamini makampuni jambo hili ni kali zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya thamani hutoka kwenye miaka ya mbali isiyokadiriwa mmoja mmoja. Fedha za 100 mwaka ujao, punguzo asilimia 10, ukuaji wa kudumu asilimia 2: thamani ni 1,250. Badilisha ukuaji uwe asilimia 3 na thamani inakuwa karibu 1,429. Pointi moja, na bei imepanda kwa asilimia 14. Kwa hiyo usipeleke jibu moja. Peleka jedwali dogo, punguzo likienda upande mmoja na ukuaji upande mwingine, na useme unaegemea seli ipi na kwa nini.

Gharama zilizokwisha kutumika usiziingize, hata kama mwenye mradi anazililia. Na usisahau mtaji wa uendeshaji: tawi jipya linahitaji bidhaa ghalani na litawakopesha wateja, na hicho ndicho kipengele ninachokiona kimeachwa mara nyingi kuliko vyote.

Siri

Kampuni ikiwa kwenye soko la hisa, utaona matokeo kabla ya umma. Kununua au kuuza hisa kwa habari hiyo, au kumnong'oneza ndugu yako, ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Katika Umoja wa Ulaya na Uingereza, kanuni za soko huwazuia viongozi wa kampuni kufanya biashara ya hisa zake siku 30 kabla ya matokeo ya mwaka au ya nusu mwaka kutangazwa, na kampuni huweza kuwajumuisha wafanyakazi wa fedha pia. Uliza mapema kama umo kwenye orodha ya wanaozuiwa. Na kwenye wasifu wako baadaye, usiandike jina la mpango wa kununua kampuni ambao haukutangazwa.

Wakaguzi wa nje

Watakuja na orodha ndefu ya wanachotaka, na mwanagenzi ndiye hupewa kuikimbiza. Hapo utavuna ramani uliyoichora mwezi wa kwanza. Wanachukua sampuli ya maingizo na kudai ushahidi wa kila moja, na wewe njia unaijua. Toa walichoomba, kamili, kikiwa na namba ya rejea. Usitoe faili zima ambalo hukulisoma. Wakikuuliza sababu ya jambo usilolijua, jibu sahihi ni "nitamuuliza mwenye nalo nikuletee", kisha ulete kweli. Kubuni maelezo mbele ya mkaguzi huzaa maswali kumi mengine.

Watazame pia wanavyofanya kazi. Wengi wao wamekuzidi umri kidogo tu, na chakula cha mchana pamoja nao kitakufundisha kama kazi hiyo unaitaka au la.

Miezi ya mwisho

Muulize msimamizi kuhusu maendeleo yako katikati ya mwaka, wakati bado unaweza kurekebisha. Tathmini ya mwezi wa mwisho ni ya kujaza fomu. Omba pia kuhamishwa dawati: kama ulianza malipo, omba hazina, kama ulianza ripoti, omba upangaji bajeti. Mara nyingi hakuna atakayekupendekezea, lakini ukiomba kwa wakati mzuri, si wiki ya kufunga mwezi, husikilizwa.

Kwenye makabidhiano, mpe mrithi wako ule mwongozo uliouandika, kisha afunge mwezi mmoja yeye mwenyewe huku wewe umekaa pembeni bila kugusa kipanya. Kila anapokwama ndipo mwongozo una pengo, lijaze hapohapo.

Kama unalenga cheti cha kitaaluma, jua kwamba vyama hivyo hudai uzoefu pamoja na mitihani. ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, kwa mfano, hudai miezi 36, na miezi uliyofanya kazi kabla ya kumaliza mitihani inaweza kuhesabiwa ikithibitishwa na msimamizi anayestahili. Sahihi hiyo itafute ukiwa bado upo. Vivyo hivyo orodha ya kazi ulizofanya na matokeo yake, ulizoruhusiwa kuzitaja: iandike na umwonyeshe msimamizi kabla ya wiki ya mwisho, kwa sababu ruhusa za mfumo na barua pepe ya kazi hufungwa siku unayoondoka, na namba ambazo hukuziandika hutazipata tena.